Urugo, Kijiji na Mahame: Kaya ya Mfyekaji Pori katika Historia ya Buha

1. Utangulizi

Neno mahame hutajwa katika Kiswahili kwa maana ya mahali palipohamwa. Maana hiyo ni fupi, lakini imebeba mambo mawili yanayovutana. Kwa mpita njia, mahame ni pori. Kwa mzao wa waliohama, ni mji wa babu: pana mafiga, pana mti uliopandwa uani, pana makaburi. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo tofauti hii si ya kamusi tu, kwani imeamua ni nani mwenye ardhi na ni nani mvamizi.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba historia ya kaya ya Muha aliyefyeka pori imeandikwa zaidi kwa istilahi za wale walioihamisha. Ili ieleweke, sharti isomwe pia kwa maneno ya wenyewe.

2. Urugo na waliojenga

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Ziliwapo tawala kadhaa, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Kila utawala ulikuwa na Mwami wake, na chini yake watware. Hata hivyo, ardhi yenyewe ilikuwa na msimamizi mwingine, yaani mteko, aliyegawa ardhi na kusimamia matambiko yake. Kijana aliyeoa akaona shamba la baba halitoshi alielekea pembezoni, lakini hakuinua shoka kabla ya kumwendea mteko. Kwa hiyo pori halikuwa mali ya yeyote anayewahi. Lilikuwa na wenyewe, wakiwemo wasioonekana.

Akisha kuruhusiwa, alijenga urugo. Neno hili, ambalo Kiha hushirikiana na Kirundi na Kinyarwanda, ni ndugu wa neno la Kiswahili ugo, kwa maana ya ua au uzio. Lakini urugo si uzio peke yake: ni nyumba, uga, zizi, migomba iliyo karibu na watu waliomo. Vivyo hivyo umuryango katika lugha hizo ni mlango na pia ni ukoo, kama ambavyo baadhi ya Waswahili wa pwani husema mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Wazungumzaji wa lugha hizi wameiona familia kuwa ni watu wanaopitia mlango mmoja.

Kazi iligawanywa. Wanaume waliangusha miti. Wanawake walilima, wakapanda ulezi, mtama na maharage. Mke katika ndoa ya wake wengi alikuwa na nyumba na shamba lake. Jembe lilifuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa Buha kwenyewe, na chumvi ilitoka Uvinza. Asiye na ng'ombe aliweza kumpata kwa ubugabire, mapatano yaliyompa mnyama wa kutunza na papo hapo kumfunga kwa mwenye mnyama. Uhuru wa mfyekaji pori, basi, ulikuwa na mipaka.

3. Manamba na waliobaki

Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi katika Afrika Mashariki. Ikafuata kodi ya Wajerumani. Wakaja Wabelgiji, walioishika Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921. Kisha Waingereza na Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922. Kodi ilidai fedha, na fedha zilikuwa mbali. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliwachukua wanaume wa Buha hadi mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Kuanzia 1944 uandikishaji ulisimamiwa na SILABU, shirika la wenye mashamba ya mkonge.

Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mtu aliyekuwa akitambuliwa kwa umuryango wake akatambuliwa kwa tarakimu. Nyuma yake mke alilima, akatunza zizi na kuamua mbegu ipi iliwe na ipi ihifadhiwe. Istilahi manamba humtaja aliyeondoka. Aliyeuweka urugo hai hakupewa istilahi yoyote. Aliporudi, mume alileta nguo, fedha na Kiswahili. Kwa wengi, basi, Kiswahili kiliingia nyumbani kikiwa lugha ya ujira.

4. Malale na Operesheni

Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilizikusanya kaya nyingi za Kibondo katika makazi ya pamoja ili kuzuia malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Lakini Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia ya Afrika Mashariki, alionesha kwamba mbung'o husonga mbele pale watu wanaporudi nyuma: mashamba yaliyoachwa huota vichaka, na vichaka ndiyo nyumba ya mbung'o. Sehemu ya mashariki, kuelekea mito Moyowosi na Malagarasi, ikazidi kuwa pori. Baadaye eneo kubwa la upande huo likatengwa kuwa Pori la Akiba la Moyowosi, na mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi ikawa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar.

Uhuru ulibadili watawala. Utawala wa jadi ulifutwa mwaka 1963. Fikra ya kukusanya watu haikufutwa. Operesheni Kigoma ilianza 1972, kabla Rais Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji, na mengi kati ya hayo yalifika. Lakini kaya zilipangwa kandokando ya barabara, na shamba likawa mbali na mlango.

5. Hitimisho

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamishiwa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kuzima haki za kimila za waliokuwapo kabla yao. Sababu yake inaeleweka: bila hivyo kesi zisingekwisha. Hata hivyo, kwa ibara hiyo mahame yalipoteza wenyewe kisheria, wakati katika masimulizi ya familia bado yanao. Tangu miaka ya 1990 neno jingine limeongezeka, kambi, Kasulu na Kibondo zilipowapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo.

Makazi, manamba, operesheni, kijiji, kambi: yote ni maneno ya kumpanga mtu. Urugo, umuryango na mteko ni maneno ya mtu aliyejipanga mwenyewe. Wajibu wa taaluma za Kiswahili ni kuyakusanya haya ya pili pamoja na maelezo ya wazee, hasa wanawake, wangali hai. Neno likipotea, dai lililobebwa na neno hilo nalo hubaki bila shahidi.