Majina ya Mwani

Miaka kadhaa nyuma nililetewa kijitabu cha kurasa chache nikifasiri kwa Kiswahili. Kilihusu mimea ya baharini iotayo katika maji ya joto kama haya yetu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina manane ya Kilatini, na kila jina lilitaka mwenzake. Mimi mfukoni nilikuwa na neno moja: mwani. Aliyenipa kazi alidhani nachelewa kwa uvivu.

Si kwamba watu wa pwani hawazioni tofauti. Ashukaye pwani siku za bamvua huuona mwani laini ulio kama jani la saladi, na mwingine wenye vipovu vya hewa vinavyouelea juu ya maji, na ule ulioumbika kama kipepeo cha jikoni, na ule mgumu wenye visahani vya chokaa ambavyo vikivunjika huwa mchanga tunaoukanyaga. Wataalamu huwaita Ulva, Sargassum, Padina na Halimeda. Mwaka 1976 Erik Jaasund, mtaalamu wa Norway, alichapisha kitabu cha kuutambulisha mwani wa maji yanayokupwa na kujaa nchini Tanzania.

Kanuni ya kwanza ya elimu hiyo ni kuugawa mwani makundi matatu: wa kijani, wa hudhurungi na mwekundu. Msomaji asidanganyike na rangi. Mwani wa kundi jekundu waweza kuwa wa kijani kibichi, au wa manjano, au wa kahawia, kwa kuwa rangi nyekundu iliyomo ndani yake huzidi au hupungua. Basi mtambuzi hulazimika kutazama matawi yameota vipi, kisha akakata kipande chembamba na kukiweka chini ya hadubini.

Khasa nataka kuyasimulia majina mawili, kwa kuwa yamo vinywani mwa wakulima wetu kila siku: spinosum na kotoni.

La kwanza ni kongwe. Mwaka 1768 Burman aliuita mmea ule kwa neno la Kilatini lenye maana ya “wenye vijino”. Mwaka 1771 Linnaeus akauita “wenye miiba”, yaani spinosus. Kwa sheria ya wataalamu jina lililotangulia ndilo lishikwalo, na miaka mitatu ikatosha kuuondosha mwiba na kuliweka jino. Leo vitabuni ni Eucheuma denticulatum. Wafanyabiashara hawakujali, wakabaki na spinosum. Nami, nikiupapasa mmea wenyewe, naona Linnaeus ndiye aliyekuwa na sikio la mshairi: vichomozo vile vimeuzunguka ushina wake duara kwa duara, na vyachoma kama miiba.

La pili ni kosa lililokomaa. Wengi hudhani kotoni ni pamba. La, ni jina la ukoo la mtu, Cotton, lililopewa mmea mwingine kabisa na Bibi Anna Weber-van Bosse wa Uholanzi mwaka 1913. Kilimo kilipoanza Ufilipino katika miaka ya 1970, mwani mnene ulioshinda mashambani ulipachikwa jina hilo kwa kufananishwa tu. Maxwell Doty, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliukagua upya na mwaka 1985 akautangaza kuwa aina mpya, alvarezii, kwa heshima ya Vicente Alvarez, mmoja wa waliohangaikia kilimo hicho. Mwaka 1988 akautolea jinsi yake, Kappaphycus. Kappa ni herufi ya Kigiriki, na ni jina la aina ya ute unaotoka humo, ule ugandao ukawa mgumu. Wa spinosum hutoa ute mlaini unaonesa. Tofauti hiyo ya ute ndiyo tofauti ya bei, maana kotoni hununuliwa ghali zaidi.

Hawaii hiyohiyo ndiko alikosomea Mtanzania Keto Mshigeni, aliyerejea Dar es Salaam akahimiza mwani ulimwe badala ya kuokotwa. Unguja kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanawake ndio walioingia majini kwa wingi, na kamba na vijiti vyao. Majina nayo yalikuja pamoja na mbegu, kosa na yote.

Ninalolihofia ni hili. Pwani yetu ilikuwa na Eucheuma na Kappaphycus wake kabla ya mbegu ile. Mjerumani Schmitz aliuandika mmoja wao, striatum, mwaka 1895, katika makala ya mwani mwekundu wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa unaolimwa huku ni wa asili ya Asia, na mwingine wa mwaka 2015 ukaonyesha kuwa umetoroka mashambani na kuenea mno mahali uotapo wa porini, ukichukua nafasi ya wenyeji. Kwa macho na vidole huwezi kumtenga mgeni na mwenyeji kwa yakini. Bibi aliyeshinda majini miaka thelathini na mtaalamu mwenye hadubini wako sawa hapo. Lazima chembe zisomwe maabara. Mwenyeji huyo anatoweka nasi hatukuwahi kumpa jina lake peke yake, tukamwita mwani, kama tunavyomwita mgeni.

Kijitabu nilikirudisha baada ya majuma matatu. Penye alvarezii niliandika “kotoni”, kwa kuwa msomaji wangu wa Jambiani angelitafuta hilo, na Kilatini nikakiweka kwenye mabano. Penye mwani wa porini niliandika “mwani wa kwetu”. Mhariri alilifuta neno “wa kwetu”, akisema halimo katika asili.