Ufuatiliaji wa Alamu

Ufuatiliaji wa alamu ni huduma ya kulipia ambayo kampuni ya ulinzi hupokea, usiku na mchana, taarifa zinazotumwa na mitambo iliyofungwa katika nyumba, maduka, benki na maghala ya wateja, kisha huamua la kufanya kwa kila taarifa: kumpigia simu mwenye mali, kutuma gari, kuita polisi au zimamoto, ama kuiandika na kuifunga. Kampuni nyingi huuza na kufunga mitambo pia, lakini mtambo peke yake si huduma. King'ora kinacholia ukutani bila mtu wa kukipokea hutegemea majirani wawe nyumbani, wawe macho, na wathubutu kutoka nje.

Kwa neno la mwisho katika istilahi hii, Kiswahili hakikuwa na upungufu. Kamsa ni ukelele wa mtu anayeomba msaada, mbiu ni tangazo la pembe, kengele hulia shuleni na mlangoni, na king'ora ni chombo cha mlio mkubwa kama cha gari la wagonjwa. Yote hutaja sauti, na hapo ndipo yanapopungua, kwa kuwa mtambo unaofuatiliwa huenda usitoe sauti hata kidogo. Karani wa benki anapobonyeza kitufe cha dharura kilichofichwa chini ya meza, mlio ni kitu cha mwisho anachokitaka. Alamu, neno lililopita katika Kiingereza na ambalo asili yake ni mwito wa Kiitaliano wa kuwataka watu washike silaha, hubeba mambo matatu pamoja: mtambo, tukio, na ujumbe unaotumwa. King'ora kinabaki kuwa jina la kile kinacholia.

Kwa neno la kwanza yapo pia usimamizi na uangalizi. Usimamizi ni wa mwenye mamlaka juu ya kazi au watu. Uangalizi unamtosha mtu anayetazama picha za kamera. Ufuatiliaji unafaa zaidi kwa sababu ni kwenda na jambo hadi mwisho wake, na pia kuulizia kitu kilichokuwa kikisikika kisha kikanyamaza. Maana hii ya pili ndiyo inayotenganisha kituo kizuri cha kupokea alamu na kibaya, kama itakavyoonekana.

Biashara hii ni ya zamani kuliko taa ya umeme ya majumbani. Mwaka 1853 Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme iliyolia mlango au dirisha lilipofunguliwa. Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 1857 na kuugeuza biashara mjini Boston, kisha New York. Kengele hizo za kwanza zililia ndani ya nyumba ileile iliyovamiwa. Hatua kubwa ilikuwa kuvuta waya hadi ofisi moja yenye watu wa kukesha. Edward Calahan, aliyebuni pia mashine ya kuchapa bei za hisa kwa njia ya telegrafu, aliigawa New York katika wilaya, kila wilaya na ofisi yake, na mteja aliyebonyeza kisanduku chake alipelekewa tarishi, polisi au wazima moto. Kampuni iliyotokana na mpango huo mwaka 1874, American District Telegraph, ingali hai kwa herufi zake tatu, ADT. Nyaya za alamu zilithibitika kuwa na thamani isiyotarajiwa: mwaka 1877, mjini Boston, nyaya za Holmes zilitumika kwa simu mchana na kurudia ulinzi usiku.

Mtambo wa leo huanza na vitambuzi. Cha mlangoni ni swichi ndogo ndani ya fremu na sumaku juu ya ubao wa mlango. Sumaku ikisogea mbali, swichi hubadilika. Cha mwendo husoma joto la miili: mtu anapokatiza mbele yake, mabadiliko ya joto kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine hugeuzwa kuwa ishara ya umeme. Kuna vya kusikia kioo kikivunjika, vya moshi, na vitufe vya dharura vya kubeba shingoni au mfukoni. Vyote huishia kwenye paneli, sanduku la chuma ambalo kwa kawaida hufichwa kabatini au juu ya dari, lenye bodi ya saketi na betri ya volti 12 ya kuishikilia umeme unapokatika. Katika miji ambayo umeme hukatika mara kwa mara, betri hiyo huchakaa upesi, na betri iliyochoka ni miongoni mwa sababu za kwanza za nyumba kubaki wazi pasipo mwenyewe kujua.

Paneli haingoji tu vitambuzi viseme. Mwishoni mwa kila waya fundi makini hufunga kikinza, kijipande kinachozuia kiasi fulani cha mkondo wa umeme, na paneli hupima ukinzani huo muda wote. Mwizi akikata waya, kipimo hupanda. Akiunganisha nyaya mbili ili kuudanganya mtambo, hushuka. Kwa hiyo waya uliokatwa hauonekani kama mlango uliofungwa vizuri. Fundi mvivu hukifunga kikinza ndani ya paneli yenyewe, mahali ambapo hakilindi chochote, na mteja hawezi kuligundua hilo kwa macho.

Kinachotumwa kituoni ni kifupi mno. Katika mfumo wa Contact ID, uliobuniwa na kampuni ya Ademco kwa ajili ya laini za simu na ambao ungali unatumika hata juu ya intaneti, taarifa nzima ni tarakimu 16. Mfano: 1234 18 1130 01 003 7. Nne za kwanza ni namba ya mteja. 18 hutambulisha aina ya ujumbe. 1 inayofuata husema kuwa tukio ni jipya. Ingekuwa 3, ingemaanisha hali imerudi kawaida. 130 ni wizi wa kuvunja, 01 ni sehemu ya jengo, na 003 ni kitambuzi cha 3. Ile 7 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi: zikijumlishwa tarakimu zote, kila sifuri ikihesabiwa kuwa 10, jumla lazima igawanyike kwa 15. Hapa nyingine zote huleta 68, na 7 huifikisha 75. Kelele ya laini ikiharibu tarakimu moja, hesabu hukataa, kituo hakithibitishi kupokea, na paneli hurudia kutuma.

Orodha ya misimbo ya matukio, kama hiyo 130, huonyesha upana wa kazi. 110 ni moto na 120 ni kitufe cha dharura. 121 ni ya mtu aliyelazimishwa: mwenye nyumba aliyeshikiwa kisu huingiza namba ya siri iliyo tofauti kidogo na ya kawaida, mtambo unazimika mbele ya macho ya mvamizi, na kituoni taarifa inafika kimya kimya. 301 ni kukatika kwa umeme, 302 ni betri dhaifu, na 602 ni salamu ya kila siku ya paneli isiyo na habari yoyote isipokuwa kwamba ingali hai.

Msimbo huo wa 602 ndio unaostahili kuheshimiwa zaidi kuliko ilivyo sasa. Kituo kinachopokea salamu kila saa 24 kikakosa ya leo kina taarifa mkononi: laini imekatwa, paneli imekufa, au mtu ameing'oa. Programu ya kituo inapaswa kuinua kimya hicho kwenye skrini kama inavyoinua wizi. Viwango vya Ulaya vya njia za mawasiliano, EN 50136, hupanga madaraja kwa muda ambao kukatika kwa njia kunaweza kupita bila kujulikana, kuanzia siku 32 katika daraja la chini kabisa hadi sekunde 20 katika la juu. Ghala la dhahabu na kibanda cha vocha havihitaji daraja moja, lakini mteja wa chochote kati ya hivyo ana haki ya kuuliza kampuni: njia ikikatika saa hii, mtajua baada ya muda gani? Kampuni isiyo na jibu haifuatilii; inangoja.

Njia zenyewe zimebadilika. Laini ya simu ya waya ilikatwa kwa mkasi tu. Katika Afrika Mashariki redio za masafa ya VHF zilienea, kwa kuwa kampuni humiliki antena zake na haitegemei mtandao wa mtu mwingine. Baadaye ikaja kadi ya simu ndani ya paneli, rahisi kufunga lakini yenye udhaifu wake wa kila siku: salio au kifurushi kikiisha, nyumba hunyamaza. Teknolojia ya mtandao nayo huzeeka. AT&T ya Marekani ilizima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa mwaka 2017 na wa 3G Februari 2022, na kampuni za alamu zikalazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba kubadilisha vifaa. Mpango wa busara ni njia mbili zisizotegemeana, kwa mfano intaneti ya nyumbani na kadi ya simu, au kadi ya simu na redio.

Kituoni, taarifa hupangwa kwa uzito, moto na kitufe cha dharura vikitangulia. Kiwango cha Ulaya cha vituo, EN 50518, hutaka asilimia 80 ya alamu za aina hizo zishughulikiwe ndani ya sekunde 30, na asilimia 98.5 ndani ya sekunde 60. Kwa alamu ya wizi, mhudumu hufungua ukurasa wa mteja, hupiga simu, hutaka neno la siri. Anayepokea asipolijua, gari huondoka. Ukurasa huo una anwani, majina ya wenye funguo, ramani ya vitambuzi, na mara nyingi tarehe ambazo familia itakuwa safarini. Ukivuja ni zawadi kwa mwizi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinavihusu vituo hivi moja kwa moja.

Adui mkubwa wa kazi hii ni alamu ya uongo. Mwongozo wa polisi uliotolewa Marekani mwaka 2001 ulikadiria kuwa kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya alamu za wizi haikuwa na wizi. Sababu ni za kawaida: namba iliyokosewa, dirisha lisilofungwa, pazia linalopepea. Pwani ya Afrika Mashariki, mjusi anayetambaa juu ya kioo cha kitambuzi huonekana mkubwa kama mtu. Mji wa Salt Lake City uliamua, kuanzia Desemba 2000, kwamba polisi hawataitikia alamu ya wizi hadi mtu ashuhudie dalili za uvamizi. Kazi ya kwenda kutazama ikawa ya walinzi binafsi. Uingereza ilichagua njia nyingine: mtambo unaozidisha alamu za uongo ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya kuitikiwa na polisi, na vitambuzi viwili tofauti vinatakiwa kukubaliana kabla ya alamu kuhesabiwa imethibitishwa. Kumpigia mteja simu mara mbili, kwa namba mbili tofauti, kabla ya kuita polisi ni dawa rahisi kuliko zote.

Kenya na Tanzania hazikuhitaji kujifunza hatua ya Salt Lake City, kwa kuwa tangu awali gari linalofika kwanza huwa la kampuni. Kwa sababu hiyo kampuni hugawana miji kwa maeneo ya doria na kuegesha magari karibu na wateja, na foleni ya jioni ya Nairobi au Dar es Salaam inakuwa sehemu ya hesabu ya usalama. Kenya ina sheria ya udhibiti wa ulinzi binafsi ya mwaka 2016 na mamlaka yake, na walinzi wake kwa kawaida hawabebi bunduki, hivyo kampuni hutegemea ushirikiano na polisi pale hatari inapozidi. Afrika Kusini, magari ya mwitikio yenye walinzi wa silaha ni biashara kubwa chini ya sheria ya mwaka 2001.

Upande wa fedha, mhimili ni ada ya mwezi. Kampuni nyingi hufunga mtambo kwa bei isiyorudisha gharama, zikitumaini kuirudisha katika mkataba wa miaka miwili au mitatu. Mteja anayeondoka mwezi wa sita ni hasara. Thamani ya kampuni nayo hupimwa kwa ada hizo. Chukua kampuni yenye wateja 1,000 wanaolipa shilingi 60,000 kwa mwezi: inakusanya shilingi milioni 60. Mnunuzi akikubali kulipa mara 30 ya mapato ya mwezi, bei ni bilioni 1.8. Iwapo wateja 12 katika kila 100 huondoka kila mwaka, kampuni inapaswa kufunga mitambo 120 mipya ili isalie ilipo, na bei hiyo hushuka. Kampuni ndogo isiyomudu kukesha zamu tatu hukodi huduma ya kituo cha jumla, kinachopokea alamu za wafungaji wengi na kujibu simu kwa jina la kila mmoja.

Mkataba wa kawaida hutamka kuwa kampuni si bima, na huweka kikomo cha fidia ambacho mara nyingi hakizidi ada za miezi michache. Kifungu hicho kina sababu: ada ya mwezi haiwezi kubeba thamani ya mali yote iliyo ndani ya nyumba. Hata hivyo hakipaswi kufunika uzembe wa wazi, kama kupuuza taarifa ya betri dhaifu kwa wiki tatu. Kila taarifa huhifadhiwa pamoja na saa yake kwenye kumbukumbu za kituo, na mteja anayetaka kujua kampuni ilifanya nini anaweza kuomba orodha ya misimbo iliyopokelewa, pamoja na siku ambazo 602 haikufika.