Usiku wa Kuzima Moto Tenochtitlan

Mwaka 1507 mji mzima wa Tenochtitlan, uliojengwa kisiwani katika Ziwa Texcoco, lilipo leo jiji la Mexico, ulijitia gizani. Kila nyumba ilizima moto na kufagiwa. Mafiga matatu ya jikoni yakatupwa pamoja na michi, na sanamu za miungu ya nyumbani zikatoswa majini.

Wamexica, ambao wengi tunawajua kama Waazteki, walikuwa na kalenda mbili: moja ya siku 365, nyingine ya siku 260 iliyotumika kwa ramli. Zote mbili zilirudi kuanza pamoja kila baada ya miaka 52. Waliamini kuwa dunia nne zilikwisha kuangamia kabla ya hii, na kwamba hii ya tano ingeweza kukoma usiku wa kumalizika kwa miaka hiyo 52.

Hofu iliwaingia hata walio majumbani. Wajawazito walivishwa barakoa za majani ya jamii ya mkonge na kufungiwa ghalani, kwani moto mpya ukikataa kuwaka wangegeuka hayawani na kula watu. Watoto nao walivishwa barakoa, na wazazi wakawatikisa na kuwapigia kelele wasisinzie. Mtoto aliyelala angegeuka panya.

Juu ya kilima cha Huixachtlan, makuhani walikitazama Kilimia. Nyota hizo zilipopita utosini usiku wa manane bila kusimama, wakajua dunia inaendelea. Ndipo moto ukapekechwa juu ya kifua cha mateka, kisha moyo wake ukang'olewa na kutiwa katika moto huo. Aliitwa Xiuhtlamin, shujaa wa vita kutoka Huexotzinco. Haifai kulificha tendo hilo wala kulipamba, na jina la mtu huyo linastahili kutajwa.

Wakimbiaji wakaushusha moto kwa mienge hadi Hekalu Kuu, kisha kwenye nyumba za makuhani, mitaani, na mwishowe kila jiko. Watu wakavaa nguo mpya na kutandika mikeka mipya.

Zamu iliyofuata ingekuwa mwaka 1559, lakini jemadari Mhispania Hernán Cortés aliuteka mji tarehe 13 Agosti 1521. Baadaye wazee walimsimulia mtawa Mhispania, Bernardino de Sahagún, mambo haya kwa Kinahuatl, lugha yao. Anayewajua Wamexica kwa damu ya hekaluni peke yake hajawajua bado. Asome walivyojieleza wenyewe.