Mfereji wa St. Mary: Chuma kilipochoka

Tarehe 17 Juni mwaka 2024, bomba kubwa la chuma lilipasuka kaskazini mwa jimbo la Montana, Marekani. Maji yaliubomoa mteremko, na punde bomba la pili, lililolazwa sambamba nalo, likaharibika pia. Mfereji wa St. Mary ukasimama.

Mfereji huo wenye urefu wa kilomita 47 hivi huchota maji ya Mto St. Mary, karibu na mpaka wa Canada, na kuyapeleka katika Mto Milk, ambao bila msaada huo aghalabu ungekauka wakati wa kiangazi. Bomba la kwanza lilikamilika mwaka 1915 na la pili mwaka 1926. Yalivusha maji bondeni bila pampu: yakishuka upande mmoja, uzito wake uliyapandisha upande wa pili.

Kwa miaka mingi wakulima walionya kwamba chuma kimechakaa na udongo unasogea. Mwezi Mei mwaka 2020, ngazi ya zege ya kuteremshia maji ilibomoka, ikatengenezwa. Mabomba yakabaki yale yale, kwani suala lilikuwa nani alipe: sehemu kubwa ya gharama za mfereji huwaangukia wakulima wenyewe.

Mabomba mapya yalipitisha maji majira ya joto ya mwaka 2025. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Montana ukuta umejengwa, na wakulima waliungoja wakiwa hawana maji ya mfereji.