Dirisha Lisilo na Kioo: Maonyesho ya Madukani na Safari ya Kiswahili hadi Ndanai

1. Utangulizi

Mtu anayetembea mjini bila haja ya kununua chochote hupenda kupita polepole mbele ya maduka na kuyapa macho yake karamu. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, na pengine hakuna mahali ambapo usemi huo huthibitika zaidi kuliko mbele ya bidhaa zilizopangwa kwa rangi zake. Wanahistoria wa Ulaya wameiandika sana anasa hii ya kutazama. Wanaeleza kwamba ushuru wa vioo ulipofutwa Uingereza mwaka 1845, kioo kilishuka bei na dirisha la duka likapanuka. Kwamba Émile Zola alitoa mwaka 1883 riwaya nzima juu ya duka kubwa la Paris. Na kwamba duka la Selfridges lilipofunguliwa London mwaka 1909, madirisha yake yalipambwa mithili ya jukwaa la tamthilia.

Ndanai haina historia ya namna hiyo. Ni senta iliyomo katika eneo bunge la Sotik, Kaunti ya Bomet, sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992. Wenyeji wake walio wengi ni Wakipsigis, na lugha yao si ya jamii ya Kibantu. Duka la senta kama hii aghalabu ni chumba kimoja chenye paa la mabati, mlango wa mbao au wa chuma, na baraza ambapo fundi cherehani huketi na kazi yake. Dirisha lake, kama lipo, ni dogo na lina vyuma. Halikukusudiwa kuonyesha kitu. Hata hivyo mpita njia haoni ukiwa hapo. Huona ukuta uliopakwa buluu na manjano, kikombe cha chai kilichochorwa, kichwa cha mtu na mkasi wa kinyozi, nguo zilizoning'inizwa barazani, na maneno. Maneno hayo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiswahili.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maonyesho ya madukani katika bara ya Kenya yana historia yake, isiyo kivuli cha historia ya kioo cha Ulaya. Na kwamba historia hiyo ni sehemu ya historia ya Kiswahili ambayo haijapewa nafasi inayostahili.

2. Kioo na Mtazamaji Asiyealikwa

Pwani ndiko mahali pa kuanzia. Huko duka lilijionyesha kwa kufungua mlango na kutundika bidhaa nje yake. Mfano ulio bora ni kanga. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla". Maandishi ya kanga yalikuwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Kwa hiyo mwanamke aliyepita mbele ya maduka ya kanga hakutazama rangi peke yake. Alisoma, au alisomewa. Tangu mwanzo, basi, onyesho la duka la Kiswahili lilikuwa jambo la macho na la lugha kwa pamoja.

Nairobi ilikuwa na sura nyingine. Katika barabara zilizoitwa Delamere Avenue na Government Road, ambazo leo ni Kenyatta Avenue na Moi Avenue, palikuwa na maduka ya vioo yaliyowalenga walowezi. Mwafrika alipita hapo akiwa mtumishi, mchukuzi au tarishi. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi kuchukua kipande, na kipande hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1947. Mtu aliyepaswa kueleza kila mara ametoka wapi na ni mtumishi wa nani hangeweza kusimama kwa raha mbele ya kioo akitazama tu. Matembezi yasiyo na shughuli, ambayo waandishi wa Paris waliyasifu kuwa ni sanaa, kwake yalikuwa ni jambo la kutiliwa shaka.

Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila anayedai kwamba bara lilichelewa kupata utamaduni wa kutazama maduka. Walichokosa watu hawa ni ruhusa, wala si macho. Kutazama bidhaa bila kununua ni starehe ndogo, lakini ni starehe ya mtu huru.

3. Kaunta Kama Darasa

Bidhaa zilifuata reli kutoka pwani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walikuwa wameifuata kituo baada ya kituo. Aliyejulikana zaidi ni Alidina Visram, ambaye hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa na mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda. Kutoka vituo vya reli, bidhaa zilipanda kuelekea Kericho na kuendelea hadi Sotik: merikani, blanketi, shanga, chumvi, sukari, sabuni na taa za mafuta. Kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa fedha, iliwalazimisha watu kutafuta sarafu. Na mashamba ya chai yaliyoanzishwa na makampuni miaka ya 1920 yalileta mishahara, pamoja na vibarua wa lugha mbalimbali walioishi pamoja. Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na mwenye duka Mgujarati walikutana mahali pamoja, na lugha iliyokuwa karibu na wote, ingawa haikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao, ilikuwa Kiswahili.

Ni vyema kuchunguza mpangilio wa duka lenyewe. Bidhaa zilikaa juu ya rafu, nyuma ya kaunta, na mara nyingi mbele ya kaunta palikuwa na wavu wa chuma. Mnunuzi hakuweza kugusa. Ilimpasa aidha ataje jina la kitu au akionyeshe kwa kidole na neno. Hapo ndipo mpangilio wa rafu ulipoingia katika sarufi. Maneno ya kwanza ya mnunuzi yalikuwa "hii", "ile", "nyekundu", "ngapi", "punguza". Wataalamu wa Kiswahili cha bara wameeleza mara nyingi jinsi upatanisho wa ngeli unavyopunguzwa, hata kila kitu kikawa "hii" au "ile". Sababu zake ni nyingi, na mojawapo ni lugha za kwanza za wasemaji. Lakini pana haja ya kuongeza kwamba kaunta ilikuwa darasa ambalo kidole kilifanya kazi ya ngeli. Mtu aliyenyoosha mkono kuelekea kitambaa, kioo au sufuria hakuhitaji kusema "kile" au "lile" ili aeleweke. Rafu ilikwisha kumsaidia.

Darasa hilo lilitoa pia msamiati. Neno "duka" lenyewe lilifika kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. "Dirisha" lina asili ya Kiajemi, "mizani" ya Kiarabu, "leso" na "meza" za Kireno, na "kaunta" na "kabati" za Kiingereza. Hivyo mtu akitaja vifaa vya duka moja hupitia historia nzima ya mawasiliano ya Afrika Mashariki. Kutoka Kiswahili baadhi ya maneno yaliendelea na safari hadi Kikipsigis. Sukari ikawa "sukaruk", chumvi ikawa "chumbik", kitabu kikawa "kitabut". Maneno hayo yalipokewa kwa masharti ya mwenyeji: yalivishwa viambishi tamati vya Kikipsigis, na sauti ambayo haimo katika lugha hiyo, kama ile ya /v/ katika "chumvi", ikabadilishwa. Rafu iliyotazamwa kwa hamu ilikuwa, bila mtu yeyote kukusudia, ubao wa kufundishia.

4. Ukuta Unaosema

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 serikali ilikusudia kuitia biashara mikononi mwa raia. Shirika la KNTC lilianzishwa mwaka 1965 ili kuwapatia wafanyabiashara Waafrika bidhaa za kuuza, na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ikapunguza nafasi ya wasio raia, hasa nje ya miji mikubwa. Haifai kuyaeleza mabadiliko haya kama shangwe tupu, kwani familia nyingi zilizoishi bara kwa vizazi viwili au vitatu zilifunga milango na kuhama. Lakini kwa historia ya maonyesho, matokeo yake yalikuwa dhahiri: mwenye duka na mnunuzi sasa walikuwa majirani, na ukuta wa nje ukaanza kusema.

Majina ya maduka na hoteli ndiyo ushahidi wa kwanza. Katika vituo vingi vya bara majina kama Umoja, Jitegemee, Amani, Upendo, Maendeleo na Harambee yaliandikwa juu ya milango. Na baada ya mwaka 1978 neno Nyayo likaongezeka. Maneno yaliyotoka kwenye hotuba za siasa yalishuka hadi kwenye gunia la unga na sahani ya maharagwe. Mtu ambaye hakuwa na gazeti wala redio aliyasoma kila aendapo kununua chumvi.

Ushahidi wa pili ni matangazo ya mkopo. Yako ya namna nyingi, lakini maana yake ni moja: leo hakuna mkopo, njoo kesho. Mzaha wake umo katika sarufi ya wakati, kwa kuwa "kesho" iliyoandikwa ukutani haifiki kamwe. Kila siku isomwapo, huwa bado ni kesho. Nyuma ya mzaha huo pana historia nzito. Wakati wa ukoloni sheria iliweka mipaka ya mikopo ambayo Mwafrika aliweza kupewa na wafanyabiashara wa jamii nyingine. Mwenye duka mpya alirithi umaskini wa mtaji uliotokana na hali hiyo, na papo hapo aliwahudumia ndugu, mashemeji na marika wake, watu ambao kwa mila hakuweza kuwaambia "hapana" kwa kinywa. Ukuta ulimsemea. Tena ulimsemea kwa Kiswahili, lugha ambayo haikubeba uzito wa ujamaa kama Kikipsigis, na kwa hiyo ilikataa bila kutukana.

Ushahidi wa tatu ni tahajia. Lugha ya Kikipsigis haitofautishi maana kwa mghuna wa vipasuo; /k/ na /g/, /p/ na /b/, /t/ na /d/ hazipingani kama zinavyopingana katika Kiswahili. Kwa hiyo mchoraji anayebadilisha herufi hizi ukutani hatoi ushahidi wa ujinga wake. Anatoa ushahidi wa fonolojia yake, na mara nyingine kwa uaminifu kuliko msaidizi wa utafiti aliyeketishwa mbele ya kinasa sauti. Mwalimu wa shule huliona kosa akalisahihisha. Mwanaisimu hana budi kulinakili kwanza.

Wachoraji wa mabango wenyewe hawajaandikiwa historia. Kwingineko kazi hii imeheshimiwa. Chéri Samba, aliyefungua karakana yake Kinshasa mwaka 1975, alianza kwa kuchora mabango, na baadaye michoro yake yenye maandishi ndani ikaingia katika majumba ya sanaa ya Ulaya. Mchoraji wa senta za Bomet huondoka na brashi zake, na jina lake haliandikwi popote.

5. Rangi za Mbali

Hali hii sasa inabadilika kwa haraka. Duka la kujichukulia, ambalo nchini Kenya lilipata nguvu baada ya Uchumi kuanzishwa mwaka 1975, lilimruhusu mnunuzi kugusa kila kitu na kulipa bila kutamka neno. Kisha huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007, ilipaka rangi ya kijani kwenye vibanda vya nchi nzima. Ukuta wa senta hukodishwa kwa tangazo lililobuniwa Nairobi, na Kiswahili chake ni kile kile kutoka Vanga hadi Turkana: kimesawazishwa, ni cha ujana, na mara nyingi kimechanganywa na Sheng. Pamoja na manufaa yake, tangazo hilo haliwezi kumwambia msomi lolote juu ya ulimi wa Ndanai.

Kinachobaki cha kienyeji ni maonyesho ya siku ya soko. Mitumba hutandazwa juu ya turubai, rangi zote za dunia zikilala pamoja chini ya mwavuli, na muuzaji huita kwa Kiswahili, hupunguza bei kwa Kikipsigis na huhesabu kwa Kiingereza. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji wa mitumba huikanusha kila siku, kwani bidhaa yake nzuri haiuziki bila sauti. Hapo mtu yeyote, awe na fedha au asiwe nazo, huinama, hugusa, hupindua kola, hucheka bei na kwenda zake bila kuulizwa amefuata nini. Haki ambayo mjukuu anaitumia bila kuifikiri ndiyo ile ambayo babu yake mwenye kipande hakuwa nayo.

6. Hitimisho

Imezoeleka kuitafuta historia ya Kiswahili katika miswada ya Lamu na Pate, katika kumbukumbu za misheni na katika ripoti za kamati za lugha. Hazina hizo zina thamani isiyopingika. Lakini kwa watu wa sehemu kama Ndanai, Kiswahili kilichoandikwa nje ya kanisa na shule kilikutwa kwanza juu ya ukuta wa duka, karibu na picha ya kikombe cha chai. Muswada hutunzwa, ukuta hupakwa rangi upya mwenye duka anapobadilika, na tabaka la lugha hufunikwa lisionekane tena.

Kazi inayotakiwa si ya gharama kubwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kamera na daftari, akitumwa likizoni kwenye senta ya kwao, anaweza kunakili maneno ya kila ukuta, mwaka wake, jina la mchoraji na lugha za mwenye duka. Idara za lugha zikikusanya kazi hizo kwa miaka kumi, zitapata kumbukumbu ya Kiswahili cha bara ambayo haipatikani katika maktaba yoyote. Zikingoja, zitakuta ukuta wa kijani.