Ramani za Topografia na Mito ya Bonde la Usangu

Bonde la Usangu, ambalo sehemu yake kubwa ipo Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni miongoni mwa maeneo makuu ya kilimo cha mpunga nchini. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala huteremka kutoka milimani na kuchangia maji ya Mto Ruaha Mkuu, unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika mabwawa ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993, mto huo umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za njia za asili za maji zina umuhimu wa pekee.

Upimaji wa topografia nchini ulipanuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kufuatia Uingereza kuanzisha kurugenzi ya upimaji wa makoloni mwaka 1946. Ndege zilipiga picha za anga, wapimaji wakaweka alama za vipimo ardhini, kisha wachoraji wakaandaa ramani za skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita moja ni sawa na mita 500.

Katika ramani hizo, mito huchorwa kwa rangi ya buluu: mstari usiokatika kwa mto wa kudumu na mstari uliokatika kwa mto wa msimu. Mistari ya kontua huonesha mwinuko. Usangu ni tambarare, hivyo kontua zimeachana sana. Katika ardhi ya namna hiyo maji husambaa na mto huweza kuhama njia yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye ramani ya 1:50,000, umbali huo ni milimita 1.2 tu. Kwa hiyo ramani ya zamani inaweza kuthibitisha kuwa mto ulikuwepo na ulielekea wapi, lakini haiwezi peke yake kuamua mpaka wa shamba. Mpaka huo huhitaji kupimwa uwandani.

Mwananchi anayetumia ramani hizo anapaswa kuangalia mwaka wa kupigwa picha za anga, si mwaka wa kuchapishwa pekee. Mto uliochorwa ni ule ulioonekana siku ndege ilipopita.