Sentimita Moja ya Jumapili

Kuna shindano moja la kuruka mbali linanikera, na wenyewe walioshindana walishakufa zamani. Wa kwanza alikufa 1925, wa pili 1928. Mimi bado nimekasirika. Nivumilieni.

Ni Paris, Julai 1900. Olimpiki ya pili tangu michezo hii ifufuliwe kule Athens 1896. Lakini usifikirie uwanja mkubwa, mataa na fataki. Olimpiki hiyo ilitundikwa tu kwenye Maonyesho ya Dunia, ikavutwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na kuna wanariadha walioshindana bila hata kujua kwamba hiyo ndiyo Olimpiki. Mbio zilifanyika kwenye nyasi, ndani ya Bois de Boulogne, miti ikiwa karibu sana hadi ukirusha kisahani kinaenda kugonga matawi. Yaani kuna viwanja vya shule hapa kwetu vinashinda huo.

Sasa, kwa kuruka mbali, ile shuleni tuliita longi jampu, kulikuwa na majamaa wawili na wote ni Waamerika. Wa kwanza ni Alvin Kraenzlein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Huyu alikuwa noma. Ndani ya siku tatu hapo Paris alishinda mita 60, viunzi mita 110, viunzi mita 200 na kuruka mbali. Mara nne peke yake, bila timu ya kupokezana vijiti. Tangu siku hiyo hakuna mwanariadha mwingine amefanya hivyo katika Olimpiki moja.

Wa pili ni Myer Prinstein. Myahudi, familia yake ilitoka Poland wakati ikiwa chini ya Urusi, akalelewa Syracuse, jimbo la New York, na akasoma chuo kikuu cha huko huko. Hawa wawili walikuwa wakinyang'anyana rekodi ya dunia. Kraenzlein alikuwa nayo 1899, halafu Aprili 1900, miezi mitatu kabla ya Paris, Prinstein akaruka mita 7.50 na kuichukua. Kwa hivyo hii haikuwa hadithi ya bingwa na mtoto wa kusindikiza. Kama kungekuwa na simu siku hizo, wasee wangekuwa wamegawanyika pande mbili mitandaoni wiki nzima.

Mchujo ulikuwa Jumamosi, Julai 14. Prinstein akaruka mita 7.175 akawa mbele ya kila mtu. Fainali ikapangwa Jumapili.

Hapo ndipo shida inaanza. Kwa Wafaransa Jumapili ndiyo siku watu wako huru kuja kutazama, kwa hivyo wao hawakuona tatizo. Lakini vyuo vingi vya Amerika wakati huo vilikuwa vya kanisa, na Syracuse kilikuwa cha Wamethodisti. Wakubwa wa chuo wakasema hakuna mtu wao atashindana Jumapili, siku ya Bwana. Pennsylvania kwa upande wao waliwaachia vijana waamue wenyewe.

Soma tena hapo juu nilipoandika Prinstein ni nani. Ni Myahudi. Sabato yake ni Jumamosi, siku ambayo alikuwa ameruka tayari. Jumapili kwake ni siku kama Jumanne. Aliketi nje ya fainali ya Olimpiki kwa ajili ya siku takatifu ya watu wengine.

Form Three nilikuwa na deskmeti Msabato, mkimbiaji mzuri wa mita 400. Fainali zikiangukia Jumamosi, haendi. Tulimcheka, tukamwomba, mwalimu mmoja hata akamwambia analeta ubinafsi. Hakusonga. Siku hizi nikikumbuka naona aibu, ju yule jamaa alikuwa analipa deni lake mwenyewe, kwa imani yake mwenyewe, na alilala usingizi. Prinstein alilipishwa bili ya meza ambayo hakuketi.

Sheria za siku hizo zilisema umbali wa mchujo unahesabiwa hadi fainali. Kwa hivyo ile 7.175 ya Prinstein ilibaki ubaoni, bila mwenyewe. Inasemekana wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayeruka Jumapili. Kraenzlein akatokea. Akaruka mita 7.185.

Toa moja kwa nyingine. Sentimita moja. Upana wa ukucha wa kidole chako kidogo. Mtu alikuwa anashindana na alama ya jana, akijua kabisa anatafuta nini, na mwenye alama hawezi kujibu. Wa tatu, Patrick Leahy kutoka Ireland, alikuwa huko nyuma kwa mita 6.95.

Prinstein alipopata habari aliwaka. Alimwambia Kraenzlein warudi Jumatatu waruke wawili tu, waone nani ni nani. Kraenzlein akakataa. Kuna wanaosema Prinstein alimpiga ngumi, wengine wanasema watu walimshika kabla haijafika. Mimi simtetei mtu wa ngumi, lakini naelewa mkono ulitoka wapi.

Najua kuna mtu ataniambia Kraenzlein hakuvunja sheria yoyote. Kweli. Chuo chake kilimruhusu, fainali ilikuwa ya halali, na hakuna karatasi ya makubaliano iliyotiwa sahihi. Angekuwa rafiki yako ungemwambia nini, akae nyumbani Jumapili ju mpinzani amekatazwa na chuo chake? Hapo mimi nakwama kidogo. Ila kukataa ile ya Jumatatu ndiko siwezi kumsamehe. Kama unajua wewe ndiye bora, dakika kumi mchangani zinakudhuru nini? Na hata hivyo hasira yangu kubwa si kwake. Ni kwa wale wazee wa Syracuse, walioketi ng'ambo ya bahari wakiamua dhamiri ya kijana wa watu inafaa kuwa na kalenda gani.

Hiyo Jumatatu yenyewe Prinstein hakukaa akilia. Aliingia kwenye kuruka hatua tatu akashinda kwa mita 14.47, akimwacha James Connolly, bingwa wa 1896. Kraenzlein naye alistaafu mashindano baada ya mwaka huo, kwa hivyo ile mechi ya marudio haikuwahi kuchezwa. 1904 kule St. Louis Prinstein alishinda kuruka mbali, mita 7.34, na hatua tatu, siku moja.

Halafu 1906, Athens, kwenye michezo ya katikati ambayo Kamati ya Olimpiki haiihesabu siku hizi, akashinda tena kwa mita 7.20. Wa pili alikuwa Peter O'Connor wa Ireland, mwenye rekodi ya dunia ya mita 7.61. O'Connor alilalamika sana siku hiyo, kwa sababu mwamuzi alikuwa Matthew Halpin, na Halpin alikuwa meneja wa timu ya Amerika. Malalamiko yakatupwa. Wakati wa kupandisha bendera, Waingereza wakampandishia yao, O'Connor akapanda mlingoti mwenyewe akapeperusha ya kijani ya Ireland.

Na Prinstein alikuwa hapo chini, safari hii yeye ndiye aliyeshinda, akimtazama mtu mwingine akidai ameonewa kwa sentimita chache. Ningelipa pesa kujua alikuwa anawaza nini.